Kasi na Uziwi wa Chombo: Vita vya Nyambizi katika Bunilizi ya Kisayansi Vikisomwa Kutoka Rudewa, Kilosa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kasi ya chombo inavyojengwa katika bunilizi ya kisayansi kuhusu vita vya nyambizi. Matini ya msingi ni riwaya ya Jules Verne, Vingt mille lieues sous les mers (1869–1870). Riwaya hiyo inasomwa sambamba na Cinq semaines en ballon (1863) ya mwandishi huyohuyo, ambamo puto linavuka milima ya Rubeho, na inalinganishwa na Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert na Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Hoja kuu ni kwamba kasi humwongezea msafiri uwezo wa kuona na kumpunguzia uwezo wa kusikia, na kwamba ubora wa bunilizi ya aina hii hubainika pale inapolazimika kumsikiliza aliye nje ya chombo. Kuzama kwa meli ya Khedive Ismail mwaka 1944 kunatumiwa kuwa kipimo cha kihistoria cha hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Riwaya, filamu na michezo ya kompyuta inayobuni vita vya nyambizi vya wakati ujao huahidi jambo moja kabla ya mengine yote: chombo kitakachokwenda chini ya maji kwa mwendo wa ndege. Ahadi hiyo ina msingi katika uhandisi. Karibu na mwaka 1970, nyambizi ya Kisovieti iliyokuja kujulikana kama K-222 ilivuka mwendo wa kilometa 80 kwa saa ikiwa imezama. Topedo aina ya Shkval, iliyoundwa katika nchi hiyohiyo, hutajwa kufikia takribani kilometa 370 kwa saa. Topedo hiyo hujizungushia kiputo cha gesi, hata sehemu kubwa ya mwili wake ikawa haigusani na maji, na hivyo ukinzani wa maji hupungua sana. Mwandishi wa bunilizi hukichukua kiputo hicho, akakikuza mpaka kikafunika chombo kizima chenye watu ndani, kisha akaanzisha vita.

Hata hivyo, uhandisi huohuo una upande wa pili ambao bunilizi nyingi huuacha. Chini ya bahari mwanga hufifia upesi, ilhali sauti husafiri mbali. Kwa sababu hiyo, nyambizi hutegemea masikio kuliko macho. Inapoongeza mwendo, mngurumo wa mitambo yake na wa maji yanayoipita hufunika sauti za vyombo vingine. K-222 yenyewe ilisifika kwa kasi na kulaumiwa kwa kelele. Kwa ufupi, nyambizi ikikimbia huwa kiziwi. Uziwi huo unachunguzwa hapa kama tatizo la usimulizi: msimulizi aliyemo katika chombo chenye kasi anamsikia nani, na ni nani anayebaki kuwa umbo linalopita mbele ya dirisha?

Swali hilo linaulizwa kutoka Rudewa, kata iliyo kaskazini ya mji wa Kilosa, kwenye barabara iendayo Dumila, chini ya milima ya Ukaguru. Ni nchi ya mashamba ya mkonge, ya mahindi na ya mito inayoteremka kutoka milimani. Hakuna bahari inayoonekana huko. Hata hivyo, maji ya upande huo huishia katika mto Wami, nao Wami hutoka baharini kati ya Bagamoyo na Saadani. Rudewa haikuchaguliwa ili kukusanya maoni ya wakazi wake. Hakuna hojaji iliyotumika. Imechaguliwa kuwa mahali pa kutazamia, kwa sababu moja ya kifasihi. Mradi wa kibunilizi uliozaa nyambizi mashuhuri kuliko zote ulianzia Zanzibar, na safari yake ya kwanza ilipita juu ya milima ya upande huu wa Kilosa. Msomaji wa Rudewa, kwa hiyo, ni mmoja wa wale waliokuwa chini chombo kilipopita.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uchambuzi unaongozwa na mawazo ya wahakiki wanne. Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu mageuzi ya bunilizi ya kisayansi, alieleza kwamba utanzu huu hujengwa juu ya jambo jipya linalokubalika kiakili, na kwamba jambo hilo humfanya msomaji autazame ulimwengu wake kana kwamba ni mgeni ndani yake. Katika matini zinazohakikiwa, jambo jipya ni chombo chenyewe. Paul Virilio, katika Vitesse et politique (1977), alihusisha kasi na mamlaka: anayekwenda haraka kuliko wengine ndiye anayewaamulia wengine.

Mary Louise Pratt, katika kazi yake ya mwaka 1992 kuhusu maandishi ya wasafiri, alionyesha jinsi msafiri wa Kizungu wa karne ya 19 alivyosimama mahali pa juu na kuieleza nchi kama picha iliyotandazwa mbele yake. Miongoni mwa mifano yake ni Richard Burton na Ziwa Tanganyika. Roland Barthes naye, katika Mythologies (1957), aliisoma Nautilus kama pango la starehe. Kwake, msafiri wa Verne hataki kwenda mbali. Anataka kujifungia ndani ya chumba chenye kila kitu na kuitazama dunia kupitia kioo.

Usomaji wa Barthes una nguvu, lakini umekomea upande wa ndani wa kioo. Anaeleza vyema raha ya aliyemo chumbani, wala haulizi habari za aliye nje. Makala haya yanauendeleza usomaji huo kwa kuuhamishia upande wa pili, na kwa kuongeza hisi moja ambayo wahakiki waliotajwa hawakuipa nafasi kubwa, yaani usikivu.

3.0 Puto Juu ya Rubeho

Cinq semaines en ballon ndiyo iliyofungua mfululizo wa riwaya za safari za ajabu wa Verne. Dkt. Samuel Fergusson, rafiki yake Dick Kennedy na mtumishi wao Joe wanaondoka Zanzibar tarehe 18 Aprili 1862 katika puto liitwalo Victoria. Wanavuka mkondo wa bahari, wanapita Mrima na Uzaramo, wanaingia Usagara na kuivuka milima ya Rubeho. Verne alikuwa hajafika nchi hizo. Aliziandika kutokana na taarifa za wasafiri, hasa Burton na John Hanning Speke, waliotoka pwani kwa miguu mwezi Juni 1857 na kufika Kazeh, yaani eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba mwaka huo. Safari iliyowachukua miezi kadhaa, puto linaimaliza kwa siku chache.

Kinachobaki na kinachopotea katika ufupisho huo kinastahili kutazamwa kwa makini. Majina yanabaki: Rubeho linatajwa na hata kufafanuliwa kuwa ni njia ya pepo. Ufafanuzi huo hauko mbali na ukweli wa lugha, kwani katika lugha za Kibantu za eneo hili shina hilo huhusiana na upepo na baridi. Lakini jina haliwezi kufika Paris bila kinywa kilichokwisha kulitamka. Burton na Speke walijua jina la mlima kwa sababu waliongozana na watu waliolijua au walioweza kuliuliza njiani. Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mmoja wa watu muhimu katika msafara huo, alikuwa daraja kati ya lugha za njiani na lugha ya kitabu. Katika puto hakuna Bombay. Hakuna mpagazi, mkalimani wala kiongozi wa njia. Fergusson anawasomea wenzake nchi kutoka kumbukumbu ya vitabu, na nchi yenyewe haimjibu.

Hapa ndipo uvumbuzi wa Verne unapoonyesha sura yake. Puto halikubuniwa ili kuvuka mabonde na homa peke yake. Kwa upande wa usimulizi, limebuniwa ili kuvuka mazungumzo. Msafiri wa miguu alilazimika kuomba maji, kulipa hongo kwa watemi, kusubiri ruhusa na kubishana na wapagazi. Vituo hivyo vyote vilikuwa nafasi za kusikia. Chombo cha angani kinavifuta. Watu wa chini wanapoonekana, wanaonekana kama kundi lenye hofu au hasira. Na pale Kazeh, wasafiri wanaposhuka, wanadhaniwa kuwa wana wa Mwezi hadi mwezi wenyewe unapochomoza na kuwaumbua. Kichekesho hicho kinamstarehesha msomaji wa ndani ya puto. Kwa msomaji aliyesimama chini ya Rubeho, kinazua swali jepesi: je, kuna mtu yeyote pale aliyesema jambo ambalo Fergusson hakulijua kabla hajaondoka Zanzibar? Riwaya haitoi jibu la kuridhisha, kwa sababu haikujenga sikio la kulipokea.

4.0 Nautilus: Dirisha Bila Sikio

4.1 Mwendo

Miaka michache baadaye Verne alikitoa chombo chake angani na kukitia baharini. Nautilus ina urefu wa meta 70 na upana wa meta 8, inaendeshwa kwa umeme, na Kapteni Nemo anajigamba kuwa inaweza kufikia maili 50 kwa saa. Ili kuelewa ukubwa wa madai hayo, inafaa kukumbuka hali halisi ya wakati ule. Mwaka 1864, nyambizi H. L. Hunley ya Marekani ya Kusini, iliyokuwa ikisukumwa kwa mikono ya mabaharia wake, iliizamisha manowari Housatonic, nayo ikazama na watu wake wote. Verne alichukua chombo kilichokwenda kwa mikono na kukipa mwendo ambao nyambizi za kweli zilihitaji takribani karne nzima kuukaribia. Marekani ilipozindua nyambizi yake ya kwanza ya nyuklia mwaka 1954, iliipa jina hilohilo la Nautilus.

Nautilus ya riwaya inaingia katika Bahari ya Hindi mwezi Januari 1868. Inafika Ceylon, kisha inapenya kati ya visiwa vya Maldives na Laccadives kwa mwendo wa maili 20 kwa saa, na kuelekea Oman. Profesa Aronnax, ambaye ndiye msimulizi, anauona mji wa Muscat kwa mbali na kuusifu. Hadi mwaka 1856, Muscat na Zanzibar zilikuwa chini ya mtawala mmoja, Seyyid Said bin Sultan. Meli za pepo za kaskazi na kusi zilikuwa zimeyaunganisha maji hayo kwa karne nyingi kwa biashara, ndoa, dini na utumwa. Katika riwaya, haya yote yanakuwa mandhari ya dakika chache. Nyambizi inazama, mji unatoweka, na safari inaendelea. Kama ilivyokuwa juu ya Rubeho, jina limebaki na sauti imepotea.

4.2 Mzamiaji wa Lulu

Ipo sehemu ambamo Verne anakaribia kuutibu uziwi huo. Karibu na Ceylon, Nemo na wenzake wanatoka nje ya chombo wakiwa wamevaa mavazi ya kuzamia. Wanamwona Mhindi maskini akipiga mbizi kutafuta lulu. Papa anamshambulia, Nemo anajitosa kumwokoa, na baada ya kumzindua anampa mfuko wa lulu. Baadaye anamweleza Aronnax kwamba mtu yule ni mwenyeji wa nchi ya wanaodhulumiwa, na kwamba yeye mwenyewe ni wa nchi hiyo. Riwaya ya L'Île mystérieuse (1874–1875) itafichua kwamba Nemo ni Dakkar, mwana wa mfalme kutoka India aliyepigana na utawala wa Waingereza.

Tukio hili lina uzito mkubwa katika maana ya riwaya, kwa kuwa linaigeuza nyambizi kuwa silaha ya mtu wa Bahari ya Hindi dhidi ya dola zilizoitawala bahari hiyo. Linatokea, si kwa bahati, pale Nemo anapokuwa nje ya chombo, kwa miguu yake, kwa mwendo wa mwili wa binadamu. Lakini hata hapo mzamiaji haandikiwi neno. Anatazama kwa mshangao, anapokea lulu, anaondoka. Udugu wa wanaodhulumiwa unatangazwa na mmoja wao tu, naye ndiye mwenye chombo.

4.3 Shambulio la Mwisho

Kilele cha vita katika riwaya ni shambulio dhidi ya manowari ambayo taifa lake halitajwi. Bendera yake haitambuliki. Inajulikana kwamba Verne alitaka kwanza Nemo awe Mpolandi mwenye kisasi dhidi ya Warusi, na kwamba mchapishaji wake, Hetzel, alilipinga wazo hilo kwa kuhofia soko la vitabu la Urusi. Ufichaji huo wa kibiashara ulizaa matokeo ya kisanaa: wanaokufa hawana nchi, hawana majina, hawana lugha.

Nemo haikimbilii manowari hiyo mara moja. Anaivuta usiku kucha, akiiacha imfuate, kisha alfajiri anauongeza mwendo na kuipasua kwa pembe ya chuma. Ndani ya Nautilus mshindo ni mdogo. Aronnax anasikia mkwaruzo wa chuma, anakimbilia sebuleni na kumkuta Nemo dirishani. Meli inazama mbele yao, watu wakining'inia kwenye kamba na milingoti. Usimulizi wa kurasa hizo umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya macho: Aronnax hawezi kuyaondoa, na Nemo naye hayaondoi. Kisha Nemo anaingia chumbani mwake, anapiga magoti mbele ya picha ya mwanamke na watoto wawili, na kulia. Usiku wa mwisho, Aronnax anasikia kinanda gizani, kwikwi za Nemo, na maneno yake ya kuomba mateso yakome.

Mgawanyo huu wa hisi ndio ugunduzi mkuu wa usomaji huu. Aliyeua anasikika, waliouawa wanaonekana tu. Verne ni mwandishi mwaminifu vya kutosha kutuonyesha kwamba ushindi wa nyambizi ni mauaji, na Aronnax anajawa na hofu kuu mbele ya mtu aliyekuwa akimstahi. Kwa sababu hiyo kazi yake imedumu kuliko nyingi zilizoiiga. Lakini huruma ya riwaya hupitia sikio, na sikio hilo linaelekezwa ndani ya chombo. Msomaji anafunga kitabu akiwa na uchungu wa Nemo. Uchungu wa mabaharia wasio na bendera umebaki nyuma ya kioo.

5.0 Kipimo cha Historia: Khedive Ismail, 1944

Inaweza kudhaniwa kwamba nyambizi ni mambo ya mataifa makubwa na kwamba msomaji wa bara hana sehemu katika vita vyake. Historia inakanusha dhana hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ilikwishaonyesha jinsi vita vya bahari vinavyoweza kupanda hadi bara. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar mnamo Septemba 1914, iliangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa, ikakokotwa na kutumiwa katika vita vya nchi kavu. Mwaka uliofuata majeshi yaliyokuwa yakipigana yalipita Kilosa yakifuata Reli ya Kati.

Tukio la karibu zaidi na mada ni la tarehe 12 Februari 1944. Meli ya Khedive Ismail ilikuwa imetoka Kilindini, Mombasa, ikiwa ndani ya msafara uliokwenda Colombo. Ilibeba watu 1,511. Kati yao, 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Wengine walikuwa mabaharia, wauguzi na wanawake wa vikosi vya usaidizi. Karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topedo mbili. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika tatu. Walikufa watu 1,297. Ni 214 tu waliookoka, sita kati yao wakiwa wanawake.

Mambo mawili ya tukio hilo yanaipima bunilizi ya kasi. La kwanza ni mwendo. Nyambizi ya aina ya I-27 ikiwa chini ya maji ilikwenda takribani kilometa 15 kwa saa tu, mwendo wa mtu aendeshaye baiskeli katika barabara ya vumbi ya Rudewa. Maangamizi ya mamia ya askari wa Afrika Mashariki hayakuhitaji kiputo cha gesi wala umeme wa Nemo. Kasi ilikuwa katika topedo na katika uzamaji. Chombo chenyewe kilivizia. Bunilizi inayodhani kwamba vita vya nyambizi ni mashindano ya mbio haijavielewa vita hivyo.

La pili ni usikivu. Manowari za kusindikiza, Paladin na Petard, zilijikuta mbele ya uamuzi mzito. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya eneo ambamo waliookoka walikuwa wakielea. Meli nyingine za msafara zilikuwa hatarini. Petard iliangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji huku watu wangali majini. Hatimaye I-27 iliibuka na kuzamishwa. Mitambo ya sona hutafuta mwangwi wa chuma; haina namna ya kuandika sauti ya mwanadamu anayeita kwa lugha ya kwao. Hapa hakuna Nemo wa kulia gizani na kumaliza hadithi. Yapo majina tu, yaliyoandikwa katika Kumbukumbu ya Afrika Mashariki iliyomo katika makaburi ya vita jijini Nairobi.

Njia ya Nautilus na njia ya Khedive Ismail zinakaribiana sana: Ceylon upande mmoja, Maldives upande mwingine. Verne aliyapita maji hayo kwa maili 20 kwa saa. Miaka 76 baada ya tarehe za riwaya, maji hayo yalipokea watu waliotoka katika nchi ileile ambayo puto lake lilikuwa limeivuka kwa siku chache. Watu waliokuwa mandhari kutoka juu walikuja kuwa mandhari kutoka chini.

6.0 Chombo Kinachofika: Mfano wa Kiswahili

Fasihi ya Kiswahili haina wingi wa bunilizi za nyambizi, lakini ina desturi ya kutafakari safari za vyombo na wajumbe ambayo inafaa kuwekwa mbele ya mradi wa Verne. Katika Kusadikika, Shaaban Robert aliijenga nchi iliyo angani. Karama, akijitetea mbele ya baraza, anasimulia habari za wajumbe waliotumwa pande mbalimbali za dunia, pamoja na mbinguni na ardhini. Namna walivyosafiri haina uzito mkubwa. Uzito uko katika kurudi: kila mjumbe anarudi na aliyojifunza, na kila mmoja anaadhibiwa badala ya kusikilizwa. Dhambi ya Kusadikika ni uziwi wa watawala. Kwa maneno mengine, Shaaban Robert aliliona tatizo linalohakikiwa hapa, akaliweka mahali pake panapostahili, yaani katika baraza linalopokea habari.

Katama Mkangi, katika Walenisi, alikikaribia zaidi chombo cha kisayansi. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa katika chombo cha angani ambacho kilikusudiwa kumwangamiza. Anaokoka na kufika katika nchi ambayo jina lake, likikatwa vipande, linasomeka kuwa wale ni sisi. Tofauti na Fergusson na Aronnax, Dzombo hapiti. Anatua, anapokewa, anafundishwa, anauliza na kujibiwa. Sehemu kubwa ya riwaya ni mazungumzo. Mhakiki anaweza kulalamika kwamba mazungumzo hayo yana mafundisho mengi mno na kwamba yanaipunguzia hadithi msisimko. Lalamiko hilo lina haki yake. Lakini linaonyesha pia bei ya jambo ambalo Verne hakulilipia: chombo kikisimama, hadithi inapoteza mbio na kupata wasemaji.

Lugha yenyewe inatoa mwelekeo unaokaribiana na huo. Neno manowari lilipokewa kutoka kwa Waingereza, na linabeba mtazamo wa mtu aliyesimama ufukweni akitazama meli ya kivita ya wageni. Neno nyambizi, kinyume chake, linasikika pamoja na mbizi, tendo la mwili unaobana pumzi. Ndani ya jina la chombo hicho yumo mzamiaji wa lulu ambaye Verne alimnyima maneno. Mwandishi wa Kiswahili atakayebuni vita vya nyambizi ana, katika jina la silaha yake, kipimo cha binadamu ambacho hapaswi kukipoteza hata chombo chake kikienda kilometa 370 kwa saa.

7.0 Pingamizi na Hitimisho

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba bunilizi ya vita vya kasi ni burudani, na kwamba kuidai ibebe waliokufa mwaka 1944 ni kuitwisha mzigo usio wake. Ni kweli kwamba raha ya kasi ni raha halali ya kisanaa. Vijana wa Kilosa wanaolitazama treni la umeme likipita, lililobuniwa kwenda hadi kilometa 160 kwa saa na kuingia katika mahandaki ya milima, hawahitaji kuombwa radhi kwa furaha yao. Lakini treni hilo lina kituo Kilosa. Linasimama, watu wanashuka, wengine wanapanda, na hapo ndipo kasi yake inapokuwa mali ya wakazi. Madai ya makala haya kwa bunilizi ni ya kiasi hicho: iwe na vituo.

Uchambuzi umebainisha mambo matatu. Kwanza, katika mradi wa Verne, chombo chenye kasi kinahifadhi majina ya mahali na kufuta sauti zilizoyatamka, juu ya Rubeho na mbele ya Muscat vilevile. Pili, riwaya yake ya nyambizi inafikia ukweli wake mkubwa zaidi pale mauaji yanapotazamwa bila kufichwa, lakini inagawa usikivu kwa upendeleo, hata muuaji akawa mtu wa pekee mwenye kilio. Tatu, historia ya Bahari ya Hindi inaonyesha kwamba vita vya nyambizi viliwafikia watu wa Afrika Mashariki kwa mwendo mdogo kuliko bunilizi inavyodhani, na kwa ukatili ambao kasi haiufafanui.

Kutokana na hayo, uhakiki wa bunilizi ya kisayansi katika Kiswahili unaweza kuongezewa swali moja la kudumu, linaloweza kuulizwa na mtahini, mwalimu au msomaji wa shule ya sekondari Rudewa mbele ya matini yoyote ya aina hii: baada ya topedo kupiga, msimulizi anaelekeza sikio lake wapi, na kwa muda gani? Matini itakayojibu kwa kuwapa waliomo majini ukurasa mmoja wa maneno yao wenyewe itakuwa imetimiza jambo ambalo Nautilus, pamoja na meta zake 70 na madirisha yake makubwa, haikulitimiza.